Sekunde Nne za Kelele

12 Januari

Mdogo wangu,

Kuna swali ambalo nimehangaika nalo tangu nikiwa mwanafunzi, na miaka ya kufundisha haijalipunguza makali: mtu anaposikiliza sauti iliyorekodiwa, anamsikia aliyesema, au anasikia kile ambacho chombo kimeamua kumpa? Mwaka huu swali hilo limeacha kuwa la darasani. Nimeamua kumrekodi mama.

Unamjua. Miaka thelathini na mmoja kwenye ubao wa simu, akiunganisha watu wanaopendana, wanaoshtakiana na wanaoagana, na hajaandika hata mstari mmoja. Amekubali kusimulia kwa sharti kwamba nisimkatize "kama unavyowakatiza wanafunzi wako". Nimegeuza chumba chako cha zamani kule juu kuwa studio. Usinicheke. Maikrofoni ipo, kompyuta ipo, blanketi mbili nzito nimezitundika ukutani, na meza ni ileile yenye sikio ulilolichonga kwa kisu ukachapwa.

Kilichobaki ni spika za kusikilizia nilichorekodi. Nimezunguka maduka matatu na kila muuzaji anaapa kwamba zake ndizo. Wewe ndiye fundi wa sauti katika ukoo huu. Nielekeze kama unavyomwelekeza mtu asiyejua lolote, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Ningekupigia simu, lakini hupokei, na ukipokea unasema "eeh, eeh" halafu laini inakatika. Mama anasema mtoto wa opereta anayekimbia simu ni wa kuchunguzwa. Basi naandika.

Dada yako,
Profesa (mama bado ananiita hivyo mbele ya wageni, na mimi bado ni mhadhiri tu)

*

30 Januari

Shikamoo Dada Profesa,

Simu huku ni kelele tupu, na barua ina raha yake, unaisoma mara mbili. Kwa hiyo niache na barua zangu.

Sasa sikiliza. Kwanza futa neno "tamu" kichwani. Spika za sebuleni zimetengenezwa zikubembeleze: besi inanenepeshwa, ukali unapakwa asali, kila mwimbaji anatoka kama kaoga asubuhi hiyo. Spika za studio, sisi tunaziita monita, kazi yake ni kukuumbua. Ukirekodi uchafu, zinakuletea uchafu mezani bila haya.

Chumba changu kile ni kidogo, usije ukabeba zile kubwa za inchi nane. Besi itazunguka kwenye kona kama mlevi aliyekosa mlango. Inchi tano zinakutosha, zenye kikuza sauti humohumo ndani. Zisogeze kutoka ukutani, zikalishe juu ya sponji, koni ndogo ya juu iwe sawa na masikio yako. Wewe na spika mbili muwe pembetatu ya pande sawa. Wewe msomi, pima.

Dukani usikubali muuzaji akupigie muziki wake. Nenda na sauti unayoijua kuliko zote duniani. Nenda na mama. Si mwenyewe, atamgombeza muuzaji. Beba sauti yake kwenye flashi. Isikilize hiyohiyo kwenye jozi mbili tatu, kwa ukubwa uleule, maana inayopiga kwa nguvu ndiyo humdanganya mtu kwamba ni bora. Jozi ikikufurahisha, iache palepale. Jozi ikikufanya useme "mbona mama yuko hivi?", lipa uondoke nayo.

Usinibishie katika hili. Mengine yote unishinde, lakini hili niachie.

Mdogo wako,
Masikio

*

21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefuata ushauri wako. Nilikwenda na mama kwenye flashi, na muuzaji, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinivumilia saa nzima akinipigia sentensi zilezile kwenye jozi tatu. Spika zimeshafika. Pembetatu nimeipima kwa futi ya ushonaji ya mama, pande zote sawasawa.

Sauti yake inajaza chumba. Nilipoifungua mara ya kwanza nilishtuka, nikawa kama nimesikia akituita kutoka dirisha la jikoni, sisi tukiwa tumejificha nyuma ya tangi la maji. Sijui kama nilichokisikia ni yeye au ni kumbukumbu yangu ikimsaidia. Nakuachia wewe uamue. Ninakutumia rekodi ya kwanza kwenye flashi hiyohiyo, mbichi, sijaigusa. Isikilize uniambie kasoro zake.

Mama amening'ang'ania kalamu.

Dada yako

*Mwanangu, marahaba kabla hujaniamkia. Dada yako kanifungia chumbani kwako kama mtuhumiwa, blanketi ukutani, jasho linanitiririka, na bado ananiambia "mama, tulia". Mimi huyu niliyewatuliza mabalozi! Anashangaa eti pumzi yangu haisikiki. Nimemwambia opereta hapumui ndani ya simu. Unageuza uso, unavuta hewa, unarudi unatabasamu. Kwetu aliyesikika akihema alirudishwa mafunzoni, na mimi sikurudishwa hata siku moja. Hizi ngazi za kwenda chumbani kwako mliziongeza lini? Au ni miguu? Kula vizuri. Na upokee simu. Mama.*

*

15 Machi

Shikamoo dada,

Faili nimeisikiliza mara tatu. Safi! Mama yuleyule, anasema kama anakata kitambaa. Pale anapomwiga msimamizi wao nilicheka hadi wenzangu wakaniuliza kama nimepokea mshahara.

Kasoro sikuisikia. Kama kuna kelele ndogo huko chini, sijui friji, sijui feni ya kompyuta, wewe utaijua kabla yangu. Mimi nasikilizia kwenye vurugu za kazini, wewe umekaa mbele ya monita, na monita haziachi kitu. Zisipokuonyesha kitu, hakuna kitu.

Ukitaka kusafisha, fanya hivi. Kabla mama hajaingia, rekodi chumba kitupu sekunde chache. Kata kipande hicho, iambie programu: hii ndiyo kelele. Itajifunza sura yake, kisha itaitoa kila itakapoikuta, hata ikiwa imejificha chini ya maneno. Ni kama kumpa mbwa nguo anuse.

Ila chumba kiwe kitupu. Usije ukamnusisha nguo ya mwenye nyumba.

Masikio

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Rekodi zimefika ishirini na mbili. Amefika kwenye mwaka ule wa mgomo, alipolala wiki nzima chini ya ubao wa simu ili watu waweze kuita gari la wagonjwa. Nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo tumekula naye meza moja.

Ule ufundi wako wa kuondoa kelele unafanya kazi kwa namna inayonitisha kidogo. Chumba kitupu sikufanikiwa kukirekodi. Mama huingia akiwa ameshaanza kusimulia kutoka kwenye ngazi, na mimi nabaki kukimbilia kitufe. Badala yake nilikata sekunde nne za kimya katikati ya sentensi zake, pale anapogeuza uso. Kwa kukaza sana masikio nilisikia hapo kitu chembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikadhani ni feni. Niliionyesha programu, na kitu hicho kimetoweka katika rekodi zote. Faili mbichi nimezifuta, diski ilikuwa imejaa. Hizi ninazokutumia ndizo safi.

Anachoka mapema siku hizi. Tumeshuka hadi dakika kumi kwa siku. Akitaka kukohoa ananiashiria kwa kidole nizime kwanza, kwa ile adabu ya kazi yake. Nadhani ni umri, ingawa "nadhani" ni neno ninalowakataza wanafunzi wangu.

Niambie kwa dhati: kuna lolote unalolisikia ambalo mimi silisikii?

Dada yako

*

20 Mei

Shikamoo dada,

Safi kabisa. Endelea hivyohivyo. Kazi imenibana, nitaandika vizuri baadaye. Mwambie mama nitapokea simu, aninyamazie kidogo.

Masikio

*

9 Septemba

Mdogo wangu,

Wiki tatu zimepita tangu tumzike mama na wewe uondoke. Siku ile nilikuita mara tatu getini na ukaingia ndani ya gari bila kugeuka. Nilihisi umenikasirikia, na nikaona unastahili. Leo nataka ujue kwa nini unastahili, kwa sababu hadi sasa hujui.

Julai, tulipompeleka hospitali hatimaye, daktari wa kifua alikuwa bado hajafika kitandani. Kile kifaa chake cha kusikilizia kilikuwa shingoni, hakukigusa. Alisimama mlangoni akauliza, "Huo mluzi ulianza lini?"

Nikasema, "Mluzi gani?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekuja na kazi ya mwenzake. Baadaye, picha zilipotoka, alinieleza kwamba ni uvimbe katika njia ya hewa, kwamba uvimbe wa mahali pale hupiga mluzi miezi mingi kabla ya kumlaza mtu, na kwamba wakati huo wa mluzi ndio wao huwa na la kufanya. Kisha akauliza, kwa upole, jambo ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo: "Nyumbani hakuna aliyesikia?"

Nyumbani, mdogo wangu. Penye studio.

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu kwa niaba yangu. "Walikuwa na kazi, daktari."

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Februari nilikudanganya. Dukani, jozi ya kwanza ilikuwa monita za kijivu, inchi tano, vilevile ulivyoagiza. Mama alitoka humo mwembamba, amechoka, na mwishoni mwa kila sentensi kulikuwa na kitu kinachokwaruza. Nilimwambia muuzaji, "Hizi mbovu." Akasukuma miwani yake juu akanijibu, "Dada yangu, spika hazina neno. Huyo mzee ndiye amechoka." Nilichukia. Nikamwambia anipigie zile za sebuleni, zenye mbao za kung'aa. Humo mama alikuwa na miaka arobaini. Nikabeba hizo, nikakuandikia kwamba nimefuata ushauri wako.

Juzi nilirudi dukani nikazichukua zile za kijivu. Muuzaji alinikumbuka. Aliuliza, "Mzee hajambo?" Nikamwambia hajambo, na sijui kwa nini.

Nimezisikiliza rekodi zote. Ni safi. Mama anasimulia dakika kumi mfululizo na hapumui hata mara moja. Kati ya sentensi na sentensi hakuna mtu. Kitu pekee kibichi kilichobaki kwangu ni kile kipande cha sekunde nne ambacho programu ilikitunza kama mfano. Jina lake "kelele". Nilikifungua kwenye spika za kijivu. Hakuna feni humo. Ni mama anavuta hewa, na hewa inapiga mluzi.

Niliionyesha mashine pumzi ya mama nikaiambia iitafute popote ilipo na kuiua.

Lakini iko ile rekodi ya kwanza niliyokutumia, mbichi. Uliisikiliza mara tatu. Tafadhali niambie kwamba mluzi haukuwamo, kwamba ulianza baadaye. Nitakuamini, chochote utakachosema.

Dada yako

*

1 Oktoba

Shikamoo dada,

Nimeichana barua hii mara nne. Ya tano nakutumia hata ikiwa mbaya.

Faili ninayo. Nimeisikiliza tena juzi, na siwezi kukuambia kama mluzi umo, kwa sababu sisikii. Sisemi sikuusikia. Nasema sisikii.

Ni mwaka wa tatu sasa. Lilianza la kushoto, la kulia likalifuata. Miaka ya kusimama mbele ya maspika ya uwanjani bila kuziba masikio, nikijiona mwanaume. Walinipima, wakanionyesha mstari kwenye karatasi: upande wa sauti nene umesimama vizuri, ukifika kwenye nyembamba unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Watu wakisema nasikia nusu ya neno, nusu nyingine naisoma mdomoni. Kwenye simu hakuna mdomo. Ndiyo maana nilikuwa nakuambia "eeh, eeh". Meza ya kuchanganyia sauti niliiacha siku nyingi. Hapa kazini nakunja nyaya, dada. Ule ushauri wa spika niliokupa niliutoa kichwani, kwenye masikio niliyokuwa nayo zamani.

Getini sikukusikia. Sikuwa na hasira yoyote.

Baada ya barua yako nilimpa mwenzangu hedifoni, nikamwekea ile faili ya Februari, sikumwambia ni nani. Dakika haikuisha, akazivua akaniambia kwa kunitazama usoni ili nisome: "Huyu bibi mgonjwa, ee?"

Umo. Tangu Februari.

Na la mwisho. Barua yako ya Mei, pale ulipoandika kwamba umekata kimya cha katikati ya sentensi, na kwamba kilisikika kama birika. Niliisoma nikajua. Feni haina sauti ya birika, hilo anajua hata kiziwi. Nilikaa nikaandika: "Dada, hiyo ni pumzi, mpeleke mama akaangaliwe." Kisha nikafikiria utaniuliza, "Wewe uliyeisikiliza mbichi mara tatu, mbona hukusema?" Nikachana. Nikajiambia dada ana monita, dada yuko na mama, kungekuwa na jambo angelisikia. Nikaandika "safi kabisa".

Wewe uliegemea masikio yangu, mimi nikaegemea spika zako, na vyote viwili havikuwepo. Nimeona bora tugawane. Nusu yangu, nusu yako. Usibebe peke yako.

Jina la Masikio usiniite tena.

Mdogo wako

*

24 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupokea. Sikukasirika. Nililia kwa ajili ya masikio yako kabla sijamlilia mama upya, na jambo hilo pia sijajua nilielewe vipi.

Unasema tugawane nusu kwa nusu. Ni hitimisho zuri, na uzuri wake ndio unaonitia shaka; nina historia mbaya na mambo yanayosikika vizuri. Limesimama juu ya dhana kwamba kosa lilikaa katika vyombo: spika zangu zilificha, masikio yako yalikufa, programu ikamaliza. Laiti vyombo vingekuwa vya kweli, tungesikia. Nimejaribu kuishi na maelezo hayo kwa wiki tatu, na kila mara yanakwama mahali palepale.

Mimi nilikuwa chumbani.

Kwa miezi mitatu nilikaa hatua moja kutoka kwa mama. Kati yake na mimi hapakuwa na spika, ya kijivu wala ya mbao. Alipogeuza uso kuvuta hewa, aliugeuzia upande wangu. Masikio yangu hayajapimwa na daktari yeyote, lakini nasikia panya akitembea darini. Basi nilisikia au sikusikia? Na kama nilisikia, ni lini niliamua kwamba ni feni, na kwa nini niliamua mapema vile, dukani, mbele ya mwanamke aliyeniambia ukweli bure?

Sina jibu, na nimeanza kukubali kwamba sitalipata. Si kwa kukosa bidii. Ninaporudi kumsikiliza mama katika kumbukumbu yangu, ninamsikia akipiga mluzi hata siku ya harusi yangu, miaka ishirini nyuma, jambo ambalo haliwezekani. Sikio langu la leo linajua linachokitafuta, na linakipata kila mahali. Siwezi kulisimamisha kizimbani likatoe ushahidi juu ya sikio la Februari, ambalo halikujua, au lilijua likanyamaza.

Liko na la pili, nalo ni la mama. "Walikuwa na kazi, daktari." Alinitetea, au alinishtaki? Alikuwa anajua tangu ngazi zilipoanza kuongezeka, akauficha mluzi wake kwa ufundi uleule wa ubaoni ili nisiharibikiwe na rekodi? Au alikuwa ananigeuzia uso siku zote hizo akingoja nimuulize? Sentensi moja tu ingeniambia, kwa jinsi alivyoitamka, na kati ya yote aliyoyasema mwaka huu, hiyo ndiyo sikuirekodi. Nikiirudia mwenyewe kwa sauti, inatoka tofauti kila mara. Asubuhi ni msamaha. Jioni sijui ni nini.

Faili ile ya Februari nitumie, usiifute. Ukija, tutakaa kwenye ile pembetatu, nami nitakuambia kwa mdomo, taratibu, ukinitazama, kila kinachosikika humo, pamoja na pale anapovuta hewa. Sitasafisha kitu.

Kile kipande changu cha sekunde nne bado kinaitwa "kelele". Mara mbili nimefungua kisanduku cha kubadilisha jina. Kompyuta inangoja, kimstari kinawaka na kuzima, na kila jina ninaloliandika nalifuta.

Dada yako